Nyumba ya Kwanza Hunyimwa

Siakago. Jumamosi, Februari 1999.

Jua limekuwa kali tangu saa tatu asubuhi, na bati la chumba changu linalia kila linapotanuka. Nimefunga mlango, nimeshusha pazia. Sina homa, sina njaa. Nimetoka kwa Wambeti, na nataka kuandika niliyoyafanya kabla sijapata njia ya kuyaeleza ili nionekane mwema.

Nina kipaji hicho.

Nianze na kazi yenyewe. Mradi wa neti za mbu uliponiajiri nilikuwa nimetoka chuoni Nairobi, binti wa fundi wa matrekta kwenye mashamba ya ngano ya Timau, wa kwanza katika ukoo wetu kuandika programu ya kompyuta, na sikumwachia mtu yeyote nafasi ya kulisahau hilo. Neti zilikuwa chache kuliko nyumba. Miaka ya nyuma, kila msaada ulioshuka huku kwenye ukame ulianzia kwa jamaa za chifu na kuishia kwa jamaa za naibu wake. Mkurugenzi wetu, Daktari Nthiga, hakutaka manung'uniko safari hii. Alitaka kompyuta ndogo za mkononi ndizo zichague nani apate neti na nani akose, kama kura.

Zililetwa sita. Kila moja ilikuwa kubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia, yenye kioo cha kijivu, kalamu ya plastiki isiyo na wino, na betri mbili nyembamba mgongoni. Watu wa hapa waliiita kamashini. Karani anafika bomani, anauliza jina la mwenye nyumba, watu ni wangapi, watoto wachanga ni wangapi, maji wanachota wapi. Anagusa majibu kwa ile kalamu. Mwisho anagusa neno CHAGUA, na kamashini inasema NDIYO au HAPANA. Idadi ya watoto haikuwa na kazi yoyote katika kuchagua. Hiyo ilikuwa ya ripoti.

Programu niliiandika peke yangu kwa miezi minne. Nafasi ndani ya vile vitu ni finyu mno. Nilikuwa kama mtu anayempakia punda mzigo: toa hiki, kaza kile, toa kingine. Siku ilipofanya kazi bila kukwama nilicheka peke yangu ofisini mpaka mlinzi akachungulia dirishani.

Kwenye baraza nilisimama mbele ya watu wa lokesheni nzima nikawaambia kwamba mashine haina ukoo. Haina mjomba. Haijui nani alimpelekea nani mbuzi. Walipiga makofi sana. Chifu naye alipiga, polepole.

Makarani walikuwa sita pia. Watano walikuwa vijana waliomaliza kidato cha nne, wepesi wa vidole. Wa sita alikuwa Wambeti, mama wa miaka arobaini na kitu, aliyekuwa amesaidia zahanati kupima uzito wa watoto kwa miaka mingi. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi mweusi kwenye bawaba. Ofisini wote walimwita Mama Nyaga, kwa jina la kifungua mimba wake. Mimi nilimwita Wambeti, kavu hivyo, kama ninaita mdogo wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita.

Alikuwa mzito kujifunza. Kalamu ya plastiki aliishika kwa vidole viwili, uso ameusogeza karibu na kioo, na siku moja wakati wa chai nikamwigiza mbele ya wenzake. Nikasema anashika kalamu kama anayetoa funza kwenye kidole cha mtoto. Walicheka. Naye akacheka, akafuta miwani.

Niliendelea kumwigiza wiki nzima.

Sasa, hili lazima nilieleze vizuri. Kila jioni makarani waliporudi, nilinakili majibu yao kwa waya hadi kompyuta ya ofisi, kisha tukatoa betri zote zichajiwe kwa umeme wa sola. Kamashini ikikaa bila betri husahau kila kitu. Kwa hiyo kila asubuhi niliipakia programu upya na kuirekebisha saa, nikampa kila karani orodha ya nyumba zake za siku hiyo, na wakaondoka. Orodha ilianzia nyumba za kando ya barabara, ikaingia ndani kufuata njia.

Wiki ya tatu Wambeti alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Alisimama karibu na meza yangu akiwa na daftari la shule, lile la kurasa thelathini na mbili. Akasema kuna jambo ameliona. Nyumba ya kwanza ya siku hunyimwa. Si mara kwa mara, kila siku. Ya pili pia hunyimwa. Ya tatu hupata. Ya nne hunyimwa, ya tano na ya sita hupata. Alisema ameyaandika yote, siku kwa siku, na yanafanana.

Sikulifungua lile daftari. Nilimwambia hiyo ndiyo bahati, na bahati ikimpiga mtu asiyesoma hesabu humfanya aone uchawi. Nikachukua shilingi kwenye kikombe cha kalamu nikairusha mara kadhaa nikimweleza juu ya kichwa na mkia, kwa Kiswahili cha kumfundisha mtoto, sauti juu, ili mhasibu wa chumba cha pili asikie nilivyo na subira. Akaniuliza kama nisingeweza kuangalia tu. Nikasema nina kazi.

Aliliacha daftari mezani. Nikalitia kwenye droo.

Mwezi mmoja baadaye nilikuwa nikiandaa ripoti, na nikaona kitu kwenye majibu yake. Nyumba zake zenye watoto wachanga zilikuwa zimepata neti karibu zote. Nyumba za wazee na za watu wasio na watoto zilikuwa zimekosa karibu zote. Kwa wale vijana watano, mambo yalikuwa yamechanganyika, kama kura inavyopaswa kuwa. Kamashini huandika saa ya kila ziara, basi nikatazama saa. Hakuwa akiifuata orodha. Aliruka, akarudi nyuma, akaacha nyumba mbili za barabarani akaenda kuanzia ya nne.

Niandike ukweli. Nilifurahi. Nilihisi damu ikikimbia kama mwindaji aliyeona alama ya kwato. Sikujiuliza mwanamke asiyeweza kushika kalamu ya plastiki amewezaje kuichezea programu yangu. Nilijua jibu tayari: ameshikwa mkono na watu, anapokea kuku na unga, anauza NDIYO yangu.

Daktari Nthiga aliwaita wote. Niliomba wote wawepo. Hilo lilikuwa wazo langu. Niliweka karatasi mezani nikasoma nyumba moja moja. Wambeti alisimama kwa sababu hakuna aliyemwambia aketi. Alipoulizwa kama alivunja mpangilio wa orodha, alikubali mara moja.

"Madam, sikuuza kitu," akasema, akinitazama mimi, si Daktari. "Nilijua nani atanyimwa. Nikaona ni afadhali nichague mimi wa kunyimwa."

Nikamuuliza mbele ya wote, "Nani alikupa kazi ya Mungu?"

Nililipenda swali lile. Nililirudia nyumbani nikijipikia chai.

Aliomba tu daftari lake lifunguliwe, akasema madam analo. Nikasema daftari si ushahidi. Daktari akamwambia arudishe kamashini na beji. Beji ilikuwa na pini iliyoshika uzi wa sweta, na vidole vyake vikachelewa, na hakuna aliyemsaidia. Barua ya kumwachisha kazi niliiandika mimi. Ilisema *kuvuruga zoezi kwa manufaa yake binafsi*. Daktari aliweka sahihi bila kusoma mpaka mwisho.

Katika mji mdogo kama huu barua haihitaji kusomwa. Kufikia sokoni ilikuwa imekuwa kwamba Mama Nyaga aliuza neti za watoto. Kanisani waliondoa jina lake kwenye kamati ya akina mama. Mumewe, Ireri, ambaye ni mzee wa kanisa, aliombwa apumzike kidogo. Nilisikia haya yote yakisimuliwa ofisini na sikuinua macho kwenye kioo changu.

Jana asubuhi, Ijumaa, karani mpya alileta kamashini yake akisema kioo kinaganda. Nikaitoa betri, nikairudisha, nikapakia programu. Ili nilinganishe, nikachukua nyingine iliyo nzima nikaipakia pia. Nikaziweka mbili mezani sambamba, nikajaza nyumba za uongo, nikagusa CHAGUA huku na huku.

HAPANA, HAPANA.

Tena. HAPANA, HAPANA.

Tena. NDIYO, NDIYO.

Ziliendelea hivyo kama wanafunzi wawili walioibiana mtihani. Nikatoa betri zote, nikangoja, nikapakia upya, nikaanza tena. Majibu yaleyale, mpangilio uleule.

Nilijua kosa liko wapi kabla sijalitafuta. Mashine haijui bahati. Unaipa hesabu ndefu ya kuvuruga namba, na lazima uiambie ianzie wapi. Usipoiambia, huanzia palepale kila siku. Kuna mstari mmoja ambao kazi yake ni kusoma saa na kuanzia hapo, ili leo isifanane na jana. Niliuandika mstari huo. Kisha nafasi ilipojaa, nikautoa kwa muda ili programu ipite, nikijiambia nitaurudisha kabla hatujaanza.

Sikuurudisha.

Nikafungua droo. Daftari lilikuwa chini ya katalogi za vipuri. Kurasa za mwanzo zilikuwa orodha tu, H ya hapana na N ya ndiyo, kwa mwandiko wa mviringo wa watu waliofundishwa na masista, kila siku ukurasa wake, na kila ukurasa ulifanana na mpangilio niliokuwa nimeuona mezani dakika tano zilizopita. Kurasa za mbele zaidi, za siku ambazo hazikuwa zimefika aliponiletea, alikuwa ameanza kupanga. Kando ya H ya kwanza ameandika jina la mzee anayeishi peke yake. Kando ya N: *mapacha, miezi mitatu*. Kando ya N nyingine: *mjane, watoto wanne, mdogo anakohoa*.

Katika makarani sita, mmoja tu aliielewa programu yangu. Ndiye niliyemfukuza.

Nilimwendea Daktari Nthiga nikamweleza yote. Nataka kuandika kwamba nilisimama imara, lakini nilisimama nikiwa nimeshika kiti. Alisikiliza mpaka mwisho, akainuka akafunga mlango. Akasema niurudishe mstari, nipakie Jumatatu, na nisimwambie mtu. Wafadhili wanakuja mwezi ujao. Kuhusu Wambeti, alisema mama yule alikiri mwenyewe kwamba alivunja mpangilio, na barua ni barua.

Nikasema sawa.

Hakunitisha. Hakuniahidi kitu. Aliniambia tu, na mimi nikasema sawa, nikarudi mezani nikaurudisha mstari. Ulichukua chini ya dakika moja. Nafasi ilitosha.

Leo asubuhi nikanunua kilo mbili za sukari na majani ya chai nikaenda kwake kwa miguu. Anakaa mbali na barabara, kwenye mteremko wa mawe ambapo hata mbuzi huchagua pa kukanyaga. Nilimkuta uani anapepeta ndengu. Ireri alikuwa kivulini anasuka kamba ya kitanda. Aliponiona aliinuka, akachukua kofia, akatoka bila salamu. Wambeti alinipa kigoda. Mimi ningekuwa yeye nisingetoa kigoda.

Nikamwita Mama Nyaga. Neno lilitoka kama la kuazima.

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu, mpaka nikajisikia ninafundisha, nikanyamaza. Yeye aliendelea kupepeta. Makapi yaliruka, ndengu zikabaki, akazimimina kwenye gunia, akajaza ungo tena. Akaniuliza kama Daktari anajua. Nikasema anajua. Akauliza kama barua itafutwa. Nikasema Daktari amesema barua ni barua.

Ndipo akaweka ungo chini.

"Wewe ulikuja kuniambia nilikuwa sawa," akasema. "Hiyo najua. Kesho kanisani utawaambia?"

Nikasema nitaona. Nikasema kuna mambo ya kazi. Nikasema wafadhili. Nilijisikia nikiyasema. Aliniacha niyamalize yote.

Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Kuna nyumba moja kando ya barabara, ya Mzee Njue na mkewe, wazee wawili. Asubuhi moja aliichagua iwe ya kwanza, kwa sababu alijua hakuna mtoto pale. Mkewe Njue alikuwa na haraka, akajibu maswali akiwa mlangoni. Watu wawili, alisema. Pengine aliona aibu kusema zaidi. Ndani alikuwemo binti yao, amerudi usiku uliopita kutoka kwa mume, na mtoto wa miezi miwili mgongoni. Kamashini ikasema HAPANA. Mtoto yule alikufa kwa malaria mwezi huu. Wamemzika nyuma ya nyumba.

"Mashine yako ilisema hapana," akasema. "Lakini mimi ndiye nilipeleka hiyo hapana pale. Hii kitu wanasema sokoni, eti niliuza, hiyo hainiumizi. Mtoto ananiumiza. Nilikuomba uangalie ili nisichague mimi."

Nilitaka kumwambia si kosa lake. Nilifungua mdomo. Akainua mkono, si kwa hasira, kama mtu anayezuia kuku asiingie jikoni.

Hakuna anayejua kama neti ingemwokoa mtoto yule. Mbu huuma jioni pia, watu wakiwa nje. Watoto wenye neti nao hufa. Nimeyawaza haya yote njiani, na kila moja ni kweli, na nimejificha ndani ya kila moja kwa hatua kumi au kumi na tano.

Nilipoinuka alinirudishia sukari na majani. Akasema nipeleke kule kwa Njue, kwa binti, kwa kuwa njia yangu inapita pale. Sikujua kama ni huruma au ni adhabu. Nilipomtazama nikaona kwamba kwake hakuna tofauti.

Nilipita pale. Binti wa Njue alikuwa anaanika nguo kwenye ua wa mikonge. Ni msichana mdogo, hana hata miaka ishirini, na titi lilikuwa bado linavuja. Blauzi ilikuwa na doa la maji upande mmoja. Alinitambua, nadhani kutoka barazani. Akaja mpaka langoni akifuta mikono kwenye leso, akanisalimia kwa heshima, akapokea sukari kwa mikono miwili bila kuuliza imetoka wapi.

Kisha akaniuliza kama tutapita tena na kamashini.

Nikasema tutapita.

Akasita, akatazama chini. "Madam, saa hii sina mtoto," akasema. "Bado tunaweza kuhesabiwa?"

Nikamwambia ndiyo, Jumatatu. Akanishukuru. Akasema nimefanya vizuri kuwakumbuka, kwa sababu watu wa ofisi huwa hawarudi. Alinisindikiza mpaka barabarani, kama mgeni wa maana anavyosindikizwa, na sikuweza kumkataza. Alipogeuka nikamwona mgongoni kitenge bado kimefungwa kwa mtindo wa kubebea, kitupu.

Nimekaa hapa tangu hapo. Barua ya Wambeti nina nakala yake. Daftari lake lipo mbele yangu. Mstari uko mahali pake. Programu sasa ni safi, na Jumatatu itawapa watu bahati halisi, na hakuna atakayejua kwamba ya jana haikuwa hivyo, isipokuwa mimi, Daktari, na mwanamke ambaye hakuna anayemwamini.

Kesho ibada ya pili ndiyo hujaa zaidi. Mchungaji huwauliza waumini kama kuna mwenye neno.

Nimeandika hapa: nitasimama.

Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu. Ni fupi, haina kosa. Mimi huandika vizuri. Lakini ninajijua, na ninajiuliza kama kesho saa tano, watu wakigeuza shingo kunitazama, sitalitoa hilo neno moja ili mambo yapite, nikijiambia nitalirudisha.